Mti Uliobambuliwa Gome

Umewahi kuona mwarobaini uliobambuliwa gome kuzunguka shina lote? Majani hubaki mabichi kwa muda, watu wakadhani umepona. Hapa ndipo watahiniwa wengi huteleza: huandika kwamba maji yalikatika. La hasha! Maji na madini hupanda kupitia zailemu, iliyo ndani zaidi ya gome. Majani yanapotoa mvuke, maji huvutwa juu kutoka mizizini. Kilichotoka na gome ni floemu, njia ya kupeleka sukari kutoka majani hadi mizizi. Mizizi ndiyo hufa njaa kwanza. Ikishakufa haifyonzi maji, na majani hunyauka. Eleza kwa mfuatano huo. Jibu la ‘mti ulikauka’ pekee silipi alama. (Anayehitaji gome la dawa abambue upande mmoja tu.)