Ulimi Usiotulia

Mwaka 1952 homa ngeni ilivikumba vijiji vya Newala na Masasi. Wagonjwa waliumwa viungo hadi wakashindwa kunyooka, na Wamakonde wakauita ugonjwa huo chikungunya, yaani unaomkunja mtu. Watafiti walipoandika habari zake mwaka 1955 walilichukua jina hilohilo, na dunia nzima inalitumia hadi leo. Jina hilo lilitungwa na watu waliomtazama mgonjwa wao akiamka, akijikongoja, akishindwa kukunjua goti. Jicho la namna hiyo linahitajika tena, safari hii kwa mwili unaochezeshwa na dawa.

Mwaka huohuo wa 1952, mjini Paris, madaktari Jean Delay na Pierre Deniker walianza kuwatibu wagonjwa wa akili kwa klopromazini. Mwaka 1958 ikafuata haloperidoli kutoka Ubelgiji. Dawa hizi, pamoja na sindano ya flufenazini inayochomwa kila baada ya wiki kadhaa, bado ni tegemeo la wagonjwa wengi nchini Tanzania. Ziliwarudisha nyumbani na shambani watu ambao zamani wangefungwa kamba. Lakini kufikia mwaka 1957 daktari mmoja Mjerumani alikwisha kuona jambo: baadhi ya wagonjwa walitafuna bila chakula, wakalamba midomo, wakatoa ulimi, na vidole vyao vikacheza bila wao kutaka. Hali hiyo sasa huitwa tadivu diskinesia, kwa kuwa kwa kawaida huchelewa kuja, baada ya miezi au miaka ya dawa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba dawa huziba njia ya dopamini, kemikali inayosaidia ubongo kuongoza mwendo. Ubongo uliozibwa muda mrefu hufanya kama mtu aliyezibwa masikio: hutega sikio zaidi, hata mnong’ono ukawa kelele.

Si tukio la nadra. Kwa watu wazima wanaotumia dawa hizi za zamani, inakadiriwa kwamba takriban 5 kati ya kila 100 huanza kupata hali hii kila mwaka, na wazee huipata zaidi. Hata hivyo hupita bila kutambuliwa. Mgonjwa mwenyewe mara nyingi hahisi kitu, na akilala viungo hutulia. Jirani husema ni majini. Ndugu husema kichaa kimezidi. Hapo ndipo hatari ilipo, kwani dozi ikiongezwa miondoko hiyo hufunikwa kwa muda huku chanzo kikiendelea. Benzeksoli, dawa inayolegeza ukakamavu unaoletwa na dawa hizi siku za mwanzo, haitibu hali hii na huweza kuizidisha. Wala hatari haiwahusu wagonjwa wa akili peke yao. Metoklopramidi, dawa ya kuzuia kutapika, ina madhara hayohayo. Mwaka 2009 Marekani ilitoa onyo kali dhidi ya kuitumia zaidi ya wiki 12.

Atakayesoma haya anaweza kusema: basi dawa zitupwe. La. Kuacha ghafla huweza kuzidisha miondoko hiyo na kuurudisha ugonjwa uliokuwa umetulia. Kupunguza au kubadilisha dawa ni kazi ya mganga wa hospitali, polepole. Mwingine atasema kumwambia mgonjwa habari hizi ni kumtia hofu aache tiba. Lakini aliyeonywa mapema hurudi kliniki kuuliza. Aliyefichwa, ulimi ukianza kumtoka mbele za watu, hukimbia moja kwa moja. Hoja nzito zaidi ni kwamba wagonjwa wa akili walionekana na miondoko ya ajabu hata kabla dawa hizi hazijakuwepo. Ni kweli, na ndiyo sababu mgonjwa anapaswa kutazamwa na kuandikiwa hali yake kabla ya kidonge cha kwanza. Bila kumbukumbu hiyo, hakuna atakayejua kipi kililetwa na ugonjwa na kipi na dawa.

Dawa mpya za kutuliza hali hii zilianza kuidhinishwa Marekani mwaka 2017, nazo ni ghali mno. Kuwahi kuona ni bure. Kipimo kilichotungwa Marekani mwaka 1976 hakihitaji mashine: mgonjwa huketi mikono magotini, hufungua kinywa, hutoa ulimi, hugusanisha kidole gumba na vidole vingine, kisha hutembea. Dakika 10 zinatosha, na muuguzi wa zahanati anaweza kufundishwa. Anayeishi na mgonjwa naye amtazame anapokula na anapopumzika, na akiona mdomo usiotulia aende naye kliniki akaseme hivyohivyo alivyoona, kabla ya dozi kuongezwa.