Mafuta Hayamo Ziwani, Yamo Jiweni

Tangu zamani watu wa Tundauwa, kisiwani Pemba, wameyaona mafuta yakivuja kutoka ardhini. Kisima kirefu kilichochimbwa na BP na Shell mwaka 1962 hakikuzaa mafuta ya biashara. Sheria ya mafuta na gesi ya Zanzibar ilipitishwa mwaka 2016, na Oktoba 2018 Serikali ya Mapinduzi ikatia saini mkataba na RAK Gas ya Ras al-Khaimah. Barazani huulizwa: yatatoka lini? Sisi tunaona liko swali linalotangulia: yatatokaje?

Wengi hudhani kuwa mafuta hukaa chini mithili ya ziwa. Sivyo. Hukaa katika vitundu vidogo mno vya mwamba, wala jiwe halikamuliki. Wapemba wanalielewa jambo hili, kwani hata mafuta ya makonyo hayakukamuliwa kwa mkono. Yalihitaji mvuke na mitambo ya Wawi.

Mafuta yakiwa mazito, kazi huzidi. Hata hivyo, huko Venezuela na Kanada baadhi ya visima vya mafuta mazito vilitoa zaidi ya hesabu za wahandisi. Sababu ilitafutwa maabara. Bomba la chuma hushindiliwa mchanga, hujazwa mafuta yenye gesi iliyoyeyuka ndani yake, kisha shinikizo hushushwa kwa kipimo. Ikaonekana kwamba gesi haikimbii mara moja. Hubaki ndani ya mafuta kwa viputo vidogo kama povu, ikayavimbisha na kuyasukuma nje.

Wahenga wametuusia kuwa haraka haraka haina baraka. Katika bomba lile mambo ni kinyume: shinikizo likishushwa upesi, viputo vingi huzaliwa na mafuta hutoka kwa wingi, likishushwa polepole, viputo huungana, gesi hutoka peke yake, na mafuta hubaki mchangani. Lakini jaribio la bomba huisha kwa muda mfupi, na kisima hudumu miaka. Mwenye kulinganisha viwili hivi bila ya elimu hupotea.

Hatusemi kwamba mafuta ya Pemba ni ya namna hiyo. Hata yale ya Tundauwa si kipimo, kwani yakifika hewani hupoteza sehemu zake nyepesi. Tutazame ng'ambo ya mkondo wetu: bomba la kutoka Uganda hadi Chongoleani, Tanga, lenye urefu wa kilomita 1,443, lilibuniwa liwe la kupashwa moto, kwa kuwa mafuta yale yana nta na huganda. Hilo lilijulikana kwa kupima.

Kwa hiyo wakuu wa Serikali hawana budi kuhakikisha kwamba kila kipande cha mwamba na kila chupa ya mafuta itakayotoka Pemba inapimwa mbele ya wataalamu wetu, na kwamba vijana wa Wete, Chake Chake na Mkoani wanasomeshwa elimu hiyo tangu sasa. Wananchi nao wasiwe wepesi wa kuhesabu fedha zisizopimwa. Mwenye mali asiyeweza kusoma vipimo vyake ni sawa na aliyepokea barua asiyejua herufi: atasomewa na mwingine, naye hana ila kusadiki.