Uanuwai wa Neva na Ujumuishi Chuoni: Msomaji wa Polepole katika Mfumo wa Lugha Mbili Nchini Tanzania

Dhana ya uanuwai wa neva ilianza kuonekana katika maandishi mwishoni mwa miaka ya 1990. Mwanasosholojia wa Australia, Judy Singer, aliitumia katika tasnifu yake ya mwaka 1998, na mwaka huohuo Harvey Blume aliitumia katika jarida la The Atlantic la Marekani. Suala la nani hasa aliibuni lingali na mjadala, kwa kuwa watu wenye usonji walikuwa wakibadilishana mawazo ya aina hiyo kwenye intaneti katika muongo huo. Kiini chake hakina utata: namna ambazo ubongo wa binadamu hufanya kazi ni nyingi, na usonji, disleksia na upungufu wa umakini ni baadhi ya namna hizo. Istilahi yenyewe iliundwa kwa kuiga ile ya bioanuwai, na kwa sababu hiyo Kiswahili hakikupata taabu kuipokea. Neno anuwai lilikuwapo tayari.

Taabu iko kwingine. Majina ya zamani ya watu wenye ulemavu katika Kiswahili yamo katika ngeli ya KI-VI: kipofu, kiziwi, kiwete, kilema. Mageuzi ya kuelekea mlemavu, kisha mtu mwenye ulemavu, yamejadiliwa vya kutosha na wanaisimujamii, na hayahitaji kurudiwa hapa. Jambo ambalo halijatazamwa sana ni kwamba majina hayo yote, ya zamani na yaliyoyafuata, yalizaliwa kutokana na hali inayoonekana kwa macho: jicho, sikio, mguu. Mwanafunzi ambaye tofauti yake imo katika namna anavyosoma hakuwahi kupewa jina, hata la dharau. Aliitwa mvivu, au mzito, kama watu wengine wanavyoitwa.

Kukosekana huko kwa jina kunaonekana pia katika taratibu. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inaufafanua ulemavu kwa upana, kwa kuuhusisha na kupungukiwa fursa za kushiriki katika maisha ya jamii kutokana na sababu za kimwili, kiakili au kijamii. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na Ibara ya 24 ya mkataba huo inaitaja elimu ya juu waziwazi. Hata hivyo, sheria inapoteremka hadi kwenye utekelezaji, huzungumziwa zaidi ngazi za majengo, nukta nundu, wakalimani wa lugha ya alama na karatasi zenye maandishi makubwa. Haya yote ni ya lazima na hayajatosheleza hata wale wanaoyahitaji. Lakini siku za maadhimisho, yaani tarehe 2 Aprili kwa ajili ya usonji na tarehe 3 Desemba kwa ajili ya watu wenye ulemavu, hupita bila kumgusa msomaji wa polepole, kwa kuwa hata yeye mwenyewe hajui kuwa zinamhusu.

Ili kueleza kwa nini hajui, inafaa kuanzia kwenye tahajia. Wengi huidhani disleksia kuwa ni kuona herufi zikiwa zimegeuka. Utafiti wa miongo kadhaa unauelekeza ugumu huo zaidi kwenye uchakataji wa sauti za lugha, yaani kuzitenga na kuzihusisha na herufi kwa wepesi. Kwa hiyo sura ya ugumu hubadilika kulingana na tahajia ya lugha inayosomwa. Mwaka 2001, Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti uliowalinganisha watu wazima wenye disleksia, wakiwamo wanafunzi wa vyuo vikuu, kutoka Italia, Ufaransa na Uingereza. Waitalia, ambao tahajia yao inafuata matamshi kwa karibu sana, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao wa nchi nyingine mbili. Walipolinganishwa na Waitalia wasio na disleksia, walikuwa nyuma kwa kiwango kilekile, na picha za ubongo zilionesha upungufu wa utendaji katika eneo lilelile la upande wa kushoto. Tahajia nyepesi ilikuwa imeufunika ugumu bila kuuondoa.

Tahajia ya Kiswahili iko karibu na ya Kiitaliano kuliko ya Kiingereza. Mtoto anayefundishwa ba, be, bi, bo, bu huweza kulitamka neno lolote lililoandikwa, hata asilolijua. Hapo ndipo wengi hukomea kwa kudhani kuwa kazi imekwisha. Katherine Alcock na Damaris Ngorosho, katika makala yao ya mwaka 2003 kuhusu makosa ya tahajia ya Kiswahili, walionesha kwamba kujifunza kuandika lugha yenye tahajia ya kawaida si jambo dogo. Kwa upande wa kusoma, kuna suala la urefu wa neno. Chukua maumbo mawili, alipompelekea na asipompelekea. Silabi moja, ya pili, inatenganisha tendo lililokwisha kutokea na sharti la tendo lisilotokea. Msomaji mwepesi huliona neno zima kwa mtupo mmoja wa jicho. Msomaji wa polepole hulivunja: kiambishi cha nafsi, cha njeo au ukanushi, cha urejeshi, cha mtendwa, mzizi, kauli. Akifika mwisho, atakuwa amelisoma kwa usahihi kabisa, na mwalimu anayesahihisha matamshi hatakuwa na la kusema. Kilichopotea ni muda, na katika shule ya msingi muda huo haupimwi na mtu.

Kisha mwanafunzi huyo anaingia sekondari. Katika shule za umma lugha ya kufundishia hugeuka kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza, chenye tahajia inayosumbua hata wenyeji wake, na ugumu uliokuwa umefunikwa unajitokeza. Unajitokeza, hata hivyo, katika darasa ambamo karibu kila mtu anahangaika na lugha mpya. Maelezo ya haraka yapo tayari: Kiingereza chake ni dhaifu. Mara nyingi maelezo hayo ni ya kweli kwa wanafunzi arobaini na ni ya uongo kwa mmoja, wala hakuna sababu ya mwalimu kumtafuta huyo mmoja. Hivyo mfumo wa lugha mbili humficha mwanafunzi mara mbili: kwanza kwa wepesi wa tahajia ya lugha ya kwanza, halafu kwa ugumu wa pamoja wa lugha ya pili. Anayefika chuo kikuu amefika kwa kukariri, kwa kusikiliza sana na kwa kukesha.

Chuoni gharama yake hulipwa katika chumba cha mtihani. Mtihani wa saa tatu wenye maswali marefu hupima mambo mawili kwa pamoja, maarifa na kasi ya kusoma, na alama inayotoka ni moja. Anayeshindwa kumaliza swali la mwisho hurudia mtihani, na akishindwa tena huondolewa masomoni, hali ambayo wanafunzi wenyewe huiita kudisko. Hakuna safu katika fomu yoyote inayoonesha kuwa aliondolewa na saa ya ukutani.

Kanuni za kuongeza muda zipo katika mfumo wa elimu. Baraza la Mitihani la Tanzania huwaongezea muda watahiniwa wenye mahitaji maalumu, na makundi yanayotajwa kwa kawaida ni kama vile wasioona, wenye uoni hafifu na viziwi. Kuongeza kundi jingine katika orodha hiyo si suluhisho rahisi, kwa maana kila kundi huhitaji cheti, na cheti huhitaji mtaalamu na kipimo. Vipimo vingi vya disleksia vilitungwa kwa wasomaji wa Kiingereza na huhesabu makosa. Msomaji wa Kiswahili asiyekosea atavuka kipimo cha namna hiyo salama, arudishwe alikotoka akiwa na barua inayosema hana tatizo. Kipimo kinachomfaa ni kile kinachohesabu sekunde, kwa maneno mafupi na kwa vitenzi virefu, katika lugha zote mbili.

Wakati kipimo hicho kikisubiriwa, ziko hatua ambazo idara inaweza kuzichukua bila cheti cha mtu yeyote. Mtungaji anaweza kuandaa maswali ya saa mbili kwa mtihani wa saa tatu; asiyehitaji saa ya ziada atatoka mapema. Anaweza kuufupisha utangulizi wa swali, ambao mara nyingi huandikwa kwa ajili ya msimamizi wa viwango kuliko kwa mtahiniwa. Usomaji wa wiki unaweza kutolewa wiki moja kabla. Hoja inayopinga, kwamba kasi nayo ni sifa ya msomi, ina uzito katika fani chache, kama vile ukalimani. Katika uchambuzi wa riwaya au sintaksia haina mashiko, na wahakiki wengi wanaoheshimiwa wangefeli kwa kigezo hicho. Ugumu uliobaki ni wa kiutawala: saa ya tatu inahitaji ukumbi, na ratiba za mitihani hupangwa kwa kuzingatia viti vilivyopo, huku kikao kimoja kikisubiri kingine kitoke.