Neno "Vuli" na Majira ya Mavuno katika Ruanda ya Mbozi

Ruanda tunayoitaja hapa si ile nchi iliyo magharibi ya Ziwa Viktoria, bali ni kata ya Wilaya ya Mbozi, katika nchi ya Wanyiha, upande wa njia kuu itokayo Mbeya kwenda Tunduma. Tangu mwaka 2016 wilaya hiyo imo katika Mkoa wa Songwe. Wamisheni wa Kanisa la Moravian walianza kazi Mbozi mwaka 1899, na tangu hapo walimu wa huko wamekuwa na shughuli ya kupatanisha maneno ya vitabu na mambo ya nchi. Neno moja lingali likiwasumbua, nalo ni "vuli".

Katika hadithi za Ulaya twasoma habari za jamaa wanaotoka siku ya mapumziko kwenda mashambani, wakachuma matunda, wakachukua maboga, wakarudi nyumbani kula pamoja, na majani ya miti yamegeuka kuwa mekundu. Wafasiri wengi wakifika hapo huandika kwamba ilikuwa majira ya vuli. Basi kwa mtu wa pwani vuli ni mvua ndogo zinyeshazo tangu Oktoba hata Desemba, na Ruanda haina vuli kabisa. Mvua yake ni moja tu: huanza Novemba, na Aprili au mwanzo wa Mei hukoma. Mtoto wa huko akijua Kiswahili cha pwani, neno hilo humletea picha ya mvua, jembe na ghala lililokaribia kuisha. Mmoja aliyesomewa hadithi ya namna hiyo aliuliza, "Mwalimu, hao wanatembea tu na kula maboga, na shamba analima nani?" Swali lake lilikuwa la haki, wala halikujibiwa vema.

Asili ya shida ni kwamba majina ya majira katika Kiswahili ni ya watu wa bahari, walioyahesabu kwa pepo ziendeshazo majahazi. Hata wafasiri wa Biblia ya mwaka 1952, walipofika Mwanzo 8:22, waliweka kaskazi na kusi kwa wakati wa joto na wakati wa baridi. Mtu wa Lamu au wa Unguja hana neno la kuuliza hapo. Lakini Mbozi, mbali na bahari, kusi ni upande wa dunia tu, wala si wakati wa mwaka.

Wakati wa Ruanda ulio sawa na ule wa hadithi ni kipupwe, yaani tangu Mei hata Agosti, umande unapokuwa baridi na watu kuota moto asubuhi. Ladha yake huanza mapema zaidi. Februari na Machi, mvua ingali ikinyesha, huja mahindi mabichi ya kuchoma, maboga na majani yake, na maharage mabichi. Vyakula hivyo huliwa shambani au jikoni bila sherehe, kwa maana watu wametoka katika miezi ya kubania. Kisha maharage hung'olewa, hukaushwa na kupigwa kwa fimbo. Mei na Juni ulezi hukatwa masuke kwa kisu kidogo, suke moja moja, kazi ya kuchosha mgongo. Mahindi huachwa yakauke juu ya mabua mpaka Juni au Julai, na katika siku hizo hizo kahawa huiva, hata watoto wakapewa vikapu vyao vya kuchumia.

Chakula cha wingi ni kande: mahindi yaliyotwangwa kuondolewa ganda, yakapikwa polepole pamoja na maharage mapya mpaka yalainike. Lakini kinywaji cha majira ndicho kipasacho kuelezwa zaidi, maana hapo wachungaji wengi wamekosana na washirika wao bila sababu. Ulezi hulowekwa, huachwa uote, huanikwa, husagwa. Huo ndio unga wa kimea. Uji wa mahindi hupikwa mzito, huachwa upoe hata uwe vuguvugu, ndipo kimea hutiwa. Baada ya muda uji ule mzito huwa mwepesi na mtamu kama uliotiwa sukari, kwa sababu kimea hugeuza wanga wa unga kuwa sukari. Hiyo ni togwa, nayo hupewa mtoto na mgonjwa. Ikilala usiku huanza kuchachuka. Ikiachwa siku kadhaa huwa pombe. Basi chungu ni kile kile na unga ni ule ule, na tofauti ni siku tu. Mchungaji aliyealikwa na kukuta chungu mlangoni afanya vema kuuliza kimekaa siku ngapi kabla ya kukunja uso.

Kipupwe ndicho wakati wa kutembeleana pia. Njia zimekauka, shule hufungwa mwezi wa Juni, na mgeni hamwoneshi mwenyeji wake aibu ya chungu kitupu. Binti aliyeolewa huenda kwa wazazi wake na kikapu cha unga au maharage kichwani, na watoto nyuma yake. Hurudi na kikapu kisicho kitupu. Katika njia itokayo Ruanda kwenda Iyula na Nyimbili utakutana na jamaa wa namna hiyo, nao husimama kusalimiana mpaka kila mtu ameulizwa habari za nyumbani kwake. Wengine siku hizi huwapeleka watoto kuona Kimondo cha Mbozi, lile jiwe la chuma na nikeli lililoanguka kutoka mbinguni, lenye urefu wa kama mita 3. Wenyeji walikuwa wakilijua tangu zamani, ingawa habari zake ziliandikwa kwa ajili ya wageni mwaka 1930.

Lakini ukarimu huo una hasara yake. Miezi hiyo hiyo magari ya wachuuzi wa nafaka hufika, na bei huwa ya chini kwa kuwa kila mtu anauza. Mwenye karamu nyingi na haja ya fedha huuza gunia analolihitaji Januari, kisha hulinunua tena kwa bei kubwa. Wazee walikuwa na kinga, yaani ulezi. Punje zake ni ndogo mno hata fukusi hawapati pa kuingia, nao hukaa miaka ghalani, hali mahindi huharibiwa na dumuzi. Mashamba ya ulezi yakipungua, kinga hiyo nayo hupungua.

Kwa hiyo siku ya shukrani ya mavuno si jambo dogo. Ujerumani huiadhimisha mara nyingi Jumapili ya kwanza ya Oktoba, nayo ndiyo saa yao. Ruanda wakati huo watu wanatazama mawingu na kuhesabu mbegu. Pentekoste yafaa zaidi: haitangulii tarehe 10 Mei wala haipiti 13 Juni, na katika Kutoka 34:22 sikukuu hiyo ya majuma yatajwa kuwa ya malimbuko ya ngano. Sadaka ikiletwa siku hizo, au katika Juni na Julai, hutoka katika ghala lililojaa.

Na ile habari ya majani mekundu? Mwalimu asiwaambie watoto kwamba haipo kwao. Katika misitu ya miombo miti hupukutisha majani wakati wa kiangazi, kisha Septemba na Oktoba, kabla ya tone la kwanza la mvua, hutoa majani mekundu kama shaba. Ila hayo ni majani machanga, yaliyozaliwa juzi.