Banda la Kupikia Mbege Kihambani

Wachagga wakaao katika mteremko wa mlima Kilimanjaro wana pombe yao iitwayo mbege, itengenezwayo kwa ndizi mbivu na ulezi. Haikuwa kinywaji cha kukata kiu tu. Ilitakiwa katika arusi na matanga, katika kuwashukuru waliosaidia kazi ya shamba, na katika kuwapatanisha waliogombana. Wapishi wake tangu kale ni wanawake, nao walipikia katika jiko la nyumba. Siku hizi watu wengi hupenda kujenga banda la kazi hiyo mbali kidogo na nyumba, katikati ya migomba ya kihamba. Wazo hilo ni jema. Lakini mabanda mengi hujengwa chumba kimoja chenye mlango mmoja, na humo huwekwa moto, mapipa, nafaka na kuni pamoja. Shabaha yangu katika kurasa hizi ni kuonyesha kwa nini jengo la namna hiyo ni baya, na jinsi banda linavyopaswa kugawanywa.

Wala sikusudii kusifu ulevi. Naeleza kazi tu, na maneno ya kazi.

Kiswahili husema "kupika pombe," na usemi huu huwapoteza wajenzi, kwa kuwa humfanya mtu afikiri kwamba kazi yote ni ya moto. Kumbe moto una sehemu moja tu. Sikiliza maneno mengine mawili ambayo hayakosekani vinywani mwa wapishi. La kwanza ni kimea, litokalo katika kumea, yaani kuota. Nalo latuambia kwamba nafaka hiyo ilipata kuchipua. La pili ni chachu, litokalo katika kuchacha. Basi kazi ni tatu: kuna kumea, kuna kupika, kuna kuchacha. Kumea kwataka unyevu kwanza, kisha jua na upepo. Kupika kwataka moto mkali na njia ya moshi. Kuchacha kwataka ubaridi na utulivu. Mambo matatu yanayopingana hivi hayawezi kukaa chumba kimoja bila kuharibiana.

Kwanza, mahali pa kimea. Ulezi hulowekwa majini kwa muda wa siku moja hivi, hutolewa, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba au gunia siku mbili tatu, hata vichipukizi vitokeze. Punje inapochipua, huamka ndani yake vimeng'enya, ambavyo kazi yao ni kuugeuza wanga uwe sukari. Baadaye ulezi huanikwa juani, ukakauka, ukasagwa. Adui wa kazi hii ni ukungu. Nafaka ikikawia kukauka huota ukungu, na namna nyingine za ukungu huacha sumu katika nafaka ambayo kupika hakuiondoi. Kwa hiyo jenga uchaga wa fito upande wa banda unaopata jua la asubuhi, ulioinuka juu ya ardhi, upepo upite chini na juu yake. Wala usiuweke karibu na chungu kitoacho mvuke.

Pili, mahali pa moto. Ndizi mbivu humenywa, huchemshwa kwa saa nyingi hata zigeuke rangi na kuwa nyekundu-nyekundu. Na unga wa kimea hupikwa uji. Mpishi basi husimama kando ya moto muda mrefu kuliko apikaye chakula cha siku, na moshi wote huingia kifuani na machoni mwake. Hapa kuta zisifike juu: ziishie kifuani mwa mtu katika pande mbili, sehemu ya juu iachwe wazi, na kileleni mwa paa pawe na tundu lililofunikwa kwa kipaa kidogo, moshi utoke na mvua isiingie. Badala ya mafiga matatu matupu, jenga jiko la matofali na udongo lililozungushwa pande tatu. Litakula kuni chache. Paa la sehemu hii liwe la bati, si la nyasi, maana cheche moja yatosha kuteketeza banda zima na migomba iliyo karibu.

Tatu, mahali pa chachu. Ndizi zilizochemshwa huwekwa katika chombo, hufunikwa, na kuachwa siku kadha wa kadha. Wachagga huziita nyangaya. Kisha huchanganywa na maji na kuchujwa. Uji wa kimea uliopoa hutiwa humo, pamoja na magamba ya mti uitwao msesewe, yanayoleta uchungu. Nayo mbege huachwa kwa usiku mmoja hivi, kisha hunywewa. Tangu mwaka 1857 Louis Pasteur, mtaalamu wa Ufaransa, alianza kuonyesha kwamba kuchacha ni kazi ya vijidudu hai. Vijidudu vya hamira hula sukari na kutoa kileo pamoja na hewa ya ukaa. Kwa kuwa ni hai, vyaweza kufa kwa moto. Ndiyo maana mpishi hodari hautii uji kabla haujapoa.

Hewa hiyo ya ukaa ndiyo sababu kubwa ya kuandika habari hizi. Haina rangi, nayo ni nzito kuliko hewa ya kawaida kama mara moja na nusu. Haipandi na moshi hata itoke kileleni, bali hushuka na kutuama sakafuni kama maji katika beseni. Katika chumba kidogo kilichofungwa, chenye mapipa mengi, mtu ainamaye kusafisha chini au aingizaye kichwa ndani ya pipa refu aweza kuzimia, na hata kufa. Kwa hiyo chumba cha chachu kisichimbwe chini kama shimo. Kiwe na matundu karibu na sakafu katika kuta mbili zinazoelekeana, yazibwe kwa wavu wa waya; na mlango ufunguliwe kitambo kabla ya mtu kuingia. Paa la nyasi lafaa hapa, kwa kuwa huzuia joto la mchana. Ila ukuta utakaokitenga chumba hiki na moto uwe wa matofali, nao ufike mpaka paani. Tena kiwe mbali na zizi na choo, maana nzi huleta uchafu, na vile vijinzi vipendavyo matunda huleta vijidudu vigeuzavyo pombe kuwa siki.

Kuhusu maji, Kilimanjaro kuna mifongo ya kale iletayo maji ya mito hata vihambani. Maji hayo yafaa kuosha sakafu. Lakini ukumbuke kwamba maji yanayochanganywa na nyangaya huingia baada ya kupika, wala hayapiti tena motoni. Basi yachemshwe kwanza na kupozwa. Sakafu iwe na mwinamo, maji machafu yaelekee kwenye mashina ya migomba.

Sasa vyombo. Pombe ina uchachu, na uchachu hula madini. Mwaka 1929 mganga Strachan wa Afrika Kusini aliandika habari za watu waliokutwa na chuma kingi mno katika ini. Na baadaye ilijulikana kwamba kwa sehemu kubwa chuma hicho kilitoka katika pombe iliyochachishwa ndani ya vyombo vya chuma. Ndoo za mabati nazo hutoa zinki, ambayo hutapisha. Pipa lililowahi kutiwa mafuta ya mitambo au dawa ya kunyunyizia kahawa halitakasiki kwa kuoshwa. Lisiingie bandani kabisa. Mapipa ya mbao, mitungi ya udongo, na vyombo vya plastiki vilivyotengenezwa kwa ajili ya chakula ndivyo vifaavyo.

Mwenye banda ajue pia mpaka wa sheria. Katika Tanzania, uuzaji wa pombe hutawaliwa na Sheria ya Vileo ya mwaka 1968, na atakaye kuuza sharti apate leseni. Kuikusanya pombe kwa mvuke ili kupata gongo ni kazi nyingine, nayo imekatazwa kwa mtu kuifanya nyumbani. Banda la mbege lisigeuzwe kuwa la gongo.

Neno la mwisho nawaambia wajenzi, ambao kwa kawaida ni wanaume. Fundi hupima banda kwa fedha aliyo nayo na kwa idadi ya mabati, kisha humwachia mama akae na moshi, joto na hewa nzito kwa miaka mingi. Lakini mama ndiye ajuaye pipa linapochacha vizuri, upepo wa jioni hutoka wapi, na mgongo huuma mahali gani anapokoroga. Basi kabla ya kukata mti wa kwanza, mwite mpishi kihambani, umpe vigingi mkononi, aonyeshe mwenyewe mahali atakapoanika, mahali atakapowasha, na mahali atakapofunika. Mjenge kwa kufuata vigingi hivyo.