Shavu la Dirishani

Dereva mmoja wa lori ameniandikia akiwa na wasiwasi. Picha za harusi ya binti yake zimerudi, na shavu lake la kulia lina makunyanzi ya babu ilhali la kushoto bado ni la baba. Huu ni mwaka wa 22 anakwenda na kurudi kati ya Dar es Salaam na Tunduma. Mkewe anasema ni kulalia upande mmoja, na ameshamnunulia krimu iliyoandikwa “kolajeni”. Anauliza aamini lipi.

Mimi namshitaki dirisha. Mwaka 2012 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha picha ya Mmarekani wa miaka 69 aliyekuwa ameendesha gari la kusambaza mizigo kwa miaka 28. Kwao usukani uko kushoto, na shavu la kushoto ndilo lililokunjamana. Kioo cha pembeni huzuia sehemu kubwa ya mionzi ya urujuanimno inayobabua. Ile nyingine, isiyobabua wala kuuma, huipitisha, nayo huzama ndani zaidi ya ngozi.

Tabaka za ngozi mlizichora shuleni, nazipita. Nataka tukae kwenye kamba.

Nenda Paje au Bwejuu, Unguja, uwatazame kina mama wa makumbi. Huyafukia ufuoni kwa miezi mpaka yaoze, huyafukua, huyaponda kwa magongo mpaka ubaki usumba mtupu, halafu husokota. Siri iko kwenye kusokota. Uzi mmoja mmoja husokotwa kuelekea upande huu. Nyuzi zikikutanishwa, husokotwa kuelekea upande wa pili. Kila uzi unataka kufumuka, na kule kutaka kufumuka ndiko kunakowakaza wenzake. Kamba hujifunga kwa ukaidi wake yenyewe.

Sasa ingia ndani ya shavu. Kolajeni ni nyuzi tatu za protini. Kila uzi umejipinda kushoto, na zote tatu kwa pamoja zimejipinda kulia. Ni ufundi ule ule wa Bwejuu! Umbo hili lilipendekezwa na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha huko Madras, India, mwaka 1954 na 1955. Katikati ya kamba hii pamebana mno, hivyo katika kila uzi, kila asidi amino ya tatu ni glisini, ndogo kuliko zote, kama mtoto aliyechomekwa kati ya watu wazima kwenye daladala. Akae mwingine pale, kamba inavimba na kulegea. Vitamini C nayo inahitajika ili msokoto ushike. Mabaharia wa zamani waliougua kiseyeye kwa kukosa matunda waliona makovu ya miaka mingi yakifunguka upya, kwa sababu hata kovu linaishi kwa kusokotwa tena na tena.

Jina hili, kolajeni, linanikera. Kwa asili ya Kigiriki ni “kizaa gundi”, maana ngozi na mifupa ikichemshwa hutoa gundi. Je, kitu cha ustadi namna hii kiitwe kwa kile kinachobaki baada ya kuharibiwa? Nilitaka niseme ukambaa, ule msuko wa ukindu, kwa kuwa unasukwa nyuzi tatu. Lakini wahenga wameshaushusha hadhi: ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Nikajaribu kambangozi, mhariri akauliza kama naandika habari za kufungia ng'ombe. Basi, kolajeni, shingo upande.

Turudi kwa dereva. Mwaka 1996 kundi la Gary Fisher na John Voorhees, Chuo Kikuu cha Michigan, lilionyesha kuwa urujuanimno kidogo tu, usiotosha hata kuifanya ngozi iwe nyekundu, huziamsha seli zitoe vimeng'enya vya kukata kolajeni. Hivyo ni mikasi. Mkasi mmojawapo hukata kamba mahali pamoja maalumu, ukaacha kipande cha robo tatu na kipande cha robo. Vikishakatwa, kwa joto la mwili tu vipande hivyo hufumuka. Umeshaona supu ya makongoro iliyolala ikaganda? Ile ni kolajeni iliyofumuka.

Na msokotaji naye huathirika. Seli zinazotengeneza kolajeni hujishikiza kwenye kamba zilizopo na kujivuta. Ncha isiposhikwa, kamba haisokoteki; kamba zikikatika, seli hunywea na kuzembea kazini, kamba mpya zikawa chache, seli zikazidi kunywea. Makunyanzi yanaanzia hapo.

Kwa hiyo krimu ya mke? Molekuli ya kolajeni ni kubwa mno kupenya ngozi. Ni sawa na kurundika kamba mlangoni ukitegemea chombo kijifunge. Makongoro ni matamu, lakini tumboni husagwa kama nyama nyingine. Tretinoini, jamii ya vitamini A, ndiyo inayomwamsha msokotaji; Albert Kligman wa Pennsylvania na wenzake walichapisha habari zake kwa ngozi iliyochakazwa na jua mwaka 1986. Huchubua mwanzoni, wajawazito wasiiguse, muone daktari. Sindano za asidi ya hayaluroniki hujaza bonde la kunyanzi, na watafiti wa Michigan waliona kuwa zikiitanua ngozi, seli zilizonywea hujivuta tena na kusokota. Botoksi hupooza misuli kwa miezi mitatu minne. Kamba haihusiki, nami sihusiki. Mkorogo wenye steroidi humfukuza kazi msokotaji kabisa, ngozi ikabaki karatasi.

Melanini nyingi ya ngozi nyeusi ni mwavuli mzuri, ila mwavuli wa miaka 22 una matundu. Dereva wangu abandike kwenye kioo cha mlango karatasi angavu ya kuzuia urujuanimno, apake na losheni ya jua. Kioo cha mbele hakina neno sana, kimeundwa kwa vioo viwili na utando kati yake, na huzuia sehemu kubwa.

Utingo wake, anayekaa upande wa pili, ajitazame shavu la kushoto.