Dawa za Mia Mbili: Unanunua Nini Hasa kwa Kemisti?

Ikifika saa moja jioni, kemisti nyingi za mtaani huwa na foleni ndefu kuliko ya mama chapati. Kuna mama amebeba mtoto anayekohoa, kijana wa boda anataka kitu cha mgongo, mzee anaulizia zile dawa zake za presha. Hakuna kununua kadi wala kungoja uitwe jina. Unaeleza, unafungiwa, unalipa kwa till, unaenda nyumbani. Kwa magonjwa madogo madogo hiyo ni huduma nzuri, na usiache mtu akuonee aibu kwa kuitumia. Shida ni kwamba wengi wetu tukifika pale tumeshaamua dawa, tumeshaamua na bei.

"Nipe Flagyl za hamsini." "Nifungie zile kapsuli nyekundu, nne tu." Tumeyazoea maneno haya mpaka hayatushtui. Lakini hamsini ni bei, si dozi. Mdudu aliye tumboni hajui salio lako ni ngapi.

Yule tunayemwita daktari

Hapa kwetu kila mtu aliye nyuma ya kaunta ya dawa ni "daktari", hata kama ameajiriwa wiki jana kupanga shelfu. Kisheria, wanaoruhusiwa kuendesha kemisti ni wa aina mbili: mfamasia mwenye digrii, au mtaalamu wa famasia mwenye diploma. Wote husajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu, na leseni ya duka nayo hutolewa na bodi hiyo na kufanywa upya kila mwaka. Iangalie ukutani. Kama ni ya mwaka juzi, au hakuna kabisa, hamia ile kemisti nyingine mbele kidogo.

Halafu uliza tu bila kuogopa: "Mfamasia yuko?" Ni haki yako kuongea naye, na ushauri wake kwa kawaida hulipi. Ila yeye naye anahitaji habari. Mwambie mgonjwa ana umri gani, na kama ni mtoto, kilo ngapi. Mwambie kama ni mjamzito au ananyonyesha, kama ana vidonda vya tumbo, dawa gani nyingine anameza, na ipi iliwahi kumdhuru. Mtu mwenye vidonda vya tumbo akiuziwa diclofenac kwa sababu alisema tu "mgongo unauma", kosa halijatoka upande mmoja.

Kuna pia neno dogo linalotusumbua sana, nalo ni "homa". Kwenye kamusi, homa ni joto la mwili kupanda. Mtaani, homa ni mafua: pua kutiririka, kupiga chafya. Ukisema "mtoto ana homa" na kuishia hapo, unaweza kufungiwa sirapu ya mafua ilhali mwili wa mtoto unachemka. Kwa hivyo eleza unachokiona. Mwili uko moto tangu lini? Anatapika? Anaharisha mara ngapi kwa siku? Anakula?

Pima kwanza

Nenda na maumivu ya viungo na uchovu, na kuna watu watakwambia hapo hapo ni "malaria na taifodi", kana kwamba hao ni mapacha. Malaria haijulikani kwa macho. Inapimwa kwa tone la damu kutoka kidoleni, na kipimo cha haraka hutoa jibu kwa muda wa dakika 15 hadi 20. Kama unaishi Nairobi na hujasafiri, uwezekano wa malaria ni mdogo. Kama umetoka Busia, Siaya, Homa Bay au Pwani wiki hizi, sema hivyo mapema. Taifodi nayo, kile kipimo cha bei nafuu kiitwacho Widal mara nyingi hudai unayo hata kama huna, na watu wengi wamemeza antibiotiki za bure kwa sababu yake.

Ukipatikana na malaria ya kawaida, dawa ya kwanza Kenya ni AL. Mtu mzima wa kilo 35 kwenda juu humeza tembe 4, mara mbili kwa siku, kwa siku 3. Jumla ni tembe 24. Ya pili humezwa saa 8 baada ya ya kwanza, na zote huingia vizuri zaidi pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au chai ya maziwa. Hapa ndipo nusu dozi inapoumiza. Siku ya pili unahisi nafuu, unaweka zilizobaki kwa kabati "za wakati mwingine", au unamgawia jirani. Vimelea vilivyobaki huanza upya, na wewe unarudi kulipa mara ya pili ukiwa mgonjwa zaidi.

Kuharisha kwa mtoto ni jambo jingine ambalo kemisti anaweza kukusaidia sana kwa pesa kidogo. Dawa yenyewe ni ORS na zinki. Pakiti ya ORS huchanganywa na kiasi cha maji safi kilichoandikwa juu yake (kuna za nusu lita na za lita moja, soma), na mchanganyiko ukipitisha saa 24 unamwagwa. Zinki ni miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi 6 na zaidi, miligramu 10 kwa mdogo wa hapo, kwa siku 10 hadi 14, hata kama ameacha kuharisha siku ya tatu. Hiyo Flagyl unayoikimbilia haitibu kuharisha kwingi kwa watoto, kwa sababu mara nyingi kunatokana na virusi.

Na mafua? Mafua ni virusi pia. Antibiotiki haiyagusi. Isitoshe, antibiotiki ni dawa za kuandikiwa na daktari, hivyo mfamasia akikataa kukuuzia bila karatasi, hakunyimi. Anafuata sheria, na mimi binafsi huyo ndiye ningerudi kwake.

Angalia pia paracetamol. Kwa mtu mzima, tembe za miligramu 500 zisizidi 8 kwa saa 24. Watu huzidisha bila kujua, kwa kuwa dawa nyingi za mafua zina paracetamol ndani. Unameza Panadol ya kichwa, halafu ile ya mafua, kumbe ni kitu kimoja mara mbili. Ini ndilo linalolipa.

Wakati kemisti si mahali pake

Mtoto asiyeweza kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu, aliyepatwa na degedege, au aliyelegea na haamki vizuri, huyo hapelekwi kwa kemisti. Anapelekwa hospitali sasa hivi, iwe usiku iwe mvua.

Kwa mtoto anayekohoa, simu yako inaweza kukusaidia. Fungua saa ya kuhesabu, weka dakika moja kamili, muinue nguo akiwa ametulia, uhesabu kifua kinapanda mara ngapi. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 11, mara 50 au zaidi ni hatari. Wa mwaka 1 hadi kabla ya 5, ni mara 40 au zaidi. Kama kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, usingoje hata kuhesabu. Hiyo inaweza kuwa nimonia, na sirapu ya kikohozi itakula tu muda wenu.

Kwa mtu mzima, mwili kuwa moto zaidi ya siku mbili tatu, shingo kukaza, damu kwenye choo, au maumivu ya kifua, mpango ni huo huo. Mama mjamzito asijinunulie dawa kabisa bila kuonwa.

Watu wengi huogopa gharama. Kumbuka tangu 2013 serikali iliondoa ada kwenye zahanati na vituo vya afya vya umma. Na SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024, hugharamia huduma za msingi kwenye zahanati na vituo vya afya vilivyo na mkataba, bora uwe umejisajili, piga *147#. Ni kweli mara nyingine utapimwa bure halafu uambiwe dawa zimeisha. Hata hivyo, ukija kwa kemisti na jibu la kipimo mkononi, unanunua dawa moja unayoihitaji badala ya tatu za kubahatisha.

Pesa yenyewe

Kama salio halitoshi, sema kabla dawa hazijafungwa, si wakati wa kulipa. Uliza: "Kuna ileile ya kampuni nyingine?" Kinachotibu ni dawa iliyo ndani, na jina lake huandikwa kwa herufi ndogo chini ya lile jina kubwa la biashara. Tofauti ya bei inaweza kuwa kubwa, na dozi ikabaki kamili. Ukilazimika kukopa kwa simu, kopea dozi ya kutibu. Vitamini na sirapu za kuongeza hamu ya kula zinaweza kungoja mwisho wa mwezi.

Kabla ya kukamilisha malipo, soma jina linalotokea kwenye skrini. Kama linafanana na jina la duka, endelea. Kama ni jina la mtu usiyemjua, uliza kwanza. Lipa kwa till badala ya kutuma kwa namba ya mhudumu, kwa sababu ukihitaji kurudi kulalamika, meseji ya till inaonyesha duka, tarehe na saa. Omba na risiti iliyoandikwa majina ya dawa, uipige picha. Siku ukipelekwa hospitali, picha hiyo itamwambia daktari umemeza nini kuliko "zile nyeupe za duara".

Kwa wanaotuma pesa nyumbani, hili linawahusu zaidi. Mama akipiga kutoka kijijini kusema anaumwa, mwambie afike kwa kemisti kisha akupe mfamasia kwenye simu. Sikia amepimwa nini, dozi ni ya siku ngapi, jumla ni ngapi. Kisha lipa till ya duka moja kwa moja kutoka hapo ulipo, na umtumie mama nauli ya boda kando. Na akikupigia mtu usiyemjua akidai ni daktari, kwamba ndugu yako amelazwa na atibiwe tu ukituma pesa kwa namba fulani, kata simu. Mpigie ndugu yako mwenyewe, au mtu anayekaa naye, kabla hujatuma hata shilingi.